Ukificha uso wa steringi, filamu bado inajulikana

Swali la wiki: "Ukionyeshwa picha moja tu iliyosimamishwa, unaweza kuitaja filamu ilikotoka? Unaitambuaje?"

Ndugu Mhariri,

Ninaweza, na wenzangu wa hapa Moshi wananizidi. Jumamosi jioni huwa tunakutana Majengo, nyuma ya saluni ya mmoja wetu, wapenzi wa sinema wa kila rika: mwalimu mstaafu, mama anayeuza vitenge Mbuyuni, vijana wa bodaboda, fundi simu, na wengine wanaokuja na kupotea. Mwenye zamu analeta picha moja aliyoikata kwenye filamu, anaifungua kwenye kompyuta, sisi tunataja. Anayepatia ndiye anayeleta inayofuata. Hatuwekeani fedha, na siku zikiwekwa mimi sitarudi, maana nimeona michezo mizuri ikifa hivyo.

Filamu ya saa mbili ina picha mnato 172,800, kwa hesabu ya picha 24 kila sekunde. Kwa hiyo kazi kubwa anayo mchaguaji. Ukileta Arnold Schwarzenegger amebeba gogo begani, umetuletea jina la filamu lenyewe, hapo hakuna cha kufumbua. Ndiyo maana tukakubaliana kwamba uso wa steringi hauruhusiwi. Mwanzoni watu walibisha sana, wakisema bila uso mchezo hauchezeki. Leo hakuna anayetaka sheria hiyo iondoke, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha kutazama.

Nitoe mfano. Mwalimu alituletea buti mbili tu. Hakuna kichwa wala kiwiliwili: buti zinakanyaga mwamba mkavu, na pembeni mkanda wa ngozi unaning'inia, ncha yake yenye bizimu inaburuzwa juu ya jiwe. Vijana walikuwa bado wanasogeza viti, Mama wa vitenge akasema, "Gabbar huyo!" Ni kweli, ilikuwa Sholay ya mwaka 1975 ya Ramesh Sippy, pale jambazi Gabbar Singh, aliyeigizwa na Amjad Khan, anapotokea kwa mara ya kwanza, na tunamjua kwa miguu kabla ya kuuona uso. Dogo mmoja akamuuliza, "Mama, umejuaje na hata sura hakuna?" Akamjibu kwamba kilichomwambia ni mawe. Kwenye picha nyingi za Kihindi alizokulia, adui anakaa kwenye jumba lenye ngazi na mazulia. Huyu anakaa mwambani, na mawe yale hajawahi kuyaona penginepo. Miamba hiyo iko Ramanagara, jimbo la Karnataka, kusini mwa India. Mama hajafika huko, lakini anaijua miamba ile kuliko mimi ninavyoijua mitaa ya Bomang'ombe.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lenu. Filamu inatambulika kwa vitu ambavyo mtazamaji hakuambiwa avitazame.

Kuna njia ya kifundi pia, nayo inasaidia. Tazama umbo la picha kabla ya kilichomo. Ikiwa inakaribia mraba, mara nyingi ni filamu ya kabla ya mwaka 1953, au ni kazi ya televisheni ya zamani. Mwaka huo ndipo The Robe ilipotoka kwa mtindo wa CinemaScope, picha ikawa ndefu ya kulala, na studio nyingine zikafuata ili kuwavuta watu waliokuwa wamekaa nyumbani na televisheni zao. Lakini msiitegemee mno njia hii. Wapo waongozaji wa leo wanaorudi kwenye umbo la zamani kwa makusudi: The Grand Budapest Hotel ya mwaka 2014 hubadilisha umbo la picha kulingana na kipindi kinachosimuliwa. Fundi simu wetu anapenda sana mambo haya ya vipimo. Mimi nayaheshimu, ila naona Mama wa vitenge anamshinda kila mara.

Sisi watu wa Kilimanjaro tuna faida nyingine ambayo msomaji wa Dar es Salaam hana. Filamu nyingi zikitaka kusema "Afrika" huuweka mlima wetu nyuma ya tembo au twiga. Mgeni anaona theluji, basi. Mtu wa Moshi anauliza: Mawenzi iko upande gani? Ukisimama hapa mjini ukatazama kaskazini, Kibo yenye mita 5,895 iko kushoto kwako, na Mawenzi yenye mita 5,149, ile iliyochongokachongoka, iko kulia. Ukiwa Amboseli, upande wa Kenya, unatazama kusini, na mambo yanageuka: Mawenzi kushoto, Kibo kulia. Kwa hiyo kabla hujataja filamu unajua kamera ilisimama nchi gani, na nusu ya majibu imeshafutika. Hakikisha tu picha haijageuzwa kama kwenye kioo. Tafuta maandishi yoyote, ya kwenye gari au kwenye gunia, uone kama yanasomeka. Kijana mmoja wa bodaboda hufanya hivi kwa haraka inayonifurahisha. Anasukuma kofia nyuma, anatazama mlima, anasema "Kenya hiyo," kisha ndipo anaanza kufikiri. Wakati huohuo mlima pekee usikudanganye kwa upande wa pili: The Snows of Kilimanjaro ya mwaka 1952, ya Gregory Peck na Ava Gardner, ina jina letu, lakini sehemu kubwa yake ilipigwa studio, Hollywood.

Hatari! ni habari nyingine. Howard Hawks aliipiga huku kwetu kweli, ikatoka mwaka 1962, John Wayne na Hardy Krüger wakiwa miongoni mwa waigizaji wake. Momella, chini ya Mlima Meru, ndipo kambi ya wakamata wanyama wa kwenye filamu ilipokuwa, na Krüger aliipenda ardhi ile hadi akanunua shamba hukohuko. Picha nzuri ya kufumba kutoka humo si ya kifaru wala ya gari. Kuna mahali watoto wa tembo wanakimbia katika mitaa ya Arusha mjini, na ukisimamisha hapo unapata Arusha ya miaka ile: maduka, watu wa kawaida, barabara isiyo na msongamano. Tulipoiona hiyo, mchezo ulisimama. Mwalimu, ambaye alisoma Arusha, akawa anatuonyesha kwa kidole kona moja baada ya nyingine, na hakuna aliyemkatiza. Filamu yenyewe ina mambo ya kikoloni ambayo hayanipendezi hata kidogo. Watu wetu humo ni wa kubeba mizigo na kupokea amri. Lakini mitaa ile imehifadhiwa, na imehifadhiwa vizuri.

Nigusie kidogo waliokulia vibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Hawa wengi hawajui majina ya filamu, kwa sababu waliziona zikiwa zimetafsiriwa, na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, juu yake, na kila mtaa ukazipa majina yake. Anaweza kuitambua picha mara moja akabaki anasema, "Ile ya yule mzee mlevi anayefundisha ngumi!" Sisi tunamkubalia kwa sharti kwamba atueleze kinachotokea kabla ya picha ile na kinachofuata. Binafsi naliona jibu hilo ni bora kuliko jina. Jina unaweza kuliokota kwenye kava.

Sasa niseme kinachoniuma, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Katika mchezo huu filamu zetu ndizo zinazoshindwa. Hazishindwi kwa kutojulikana. Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, kila mmoja pale Majengo anaweza kukusimulia kazi zake na hata kuigiza maneno yake. Lakini ukificha uso wake kama sheria yetu inavyotaka, kinachobaki ni sofa, pazia, meza ya kioo, na geti linalofunguliwa gari liingie. Ukichukua bongo muvi kumi za miaka ile, zote zina sebule ileile. Kamera ziliamini nyuso tu. Nayasema haya kwa mapenzi, kwa kuwa nilizinunua kanda zile kwa fedha yangu na bado ninazo. Na mambo yanabadilika: leta picha yoyote ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, funika nyuso zote, bado rangi zake na vichochoro vyake vya Unguja vitakutajia jina. T-Junction yake ya mwaka 2017 ni hivyohivyo.

Za zamani zaidi zinaniumiza kwa sababu nyingine. Mwalimu huisimulia Fimbo ya Mnyonge ya miaka ya 1970, ya enzi za Ujamaa, iliyotoka Kampuni ya Filamu Tanzania, lakini katika kundi letu zima hakuna mwenye hata fremu moja ya kutuonyesha. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inayomhusu mwanamke anayefika kwa mganga wa jadi baada ya hospitali kushindwa kumponya, nakala niliyofanikiwa kuiona ilikuwa na chenga tupu. Niliisimamisha mahali pengi nikitafuta picha safi ya kupeleka Jumamosi, nikaishia kuchagua moja ambayo mikono inaonekana vizuri kidogo. Hakuna aliyeitambua, na haki yao. Buti za Gabbar za mwaka 1975 tunaziona mpaka mshono, na mikono ya Mariamu iliyopigwa miaka kumi baadaye imekuwa ukungu.

Kwa hiyo naomba wasomaji wenzangu, hasa mliorithi makabati ya wazazi. Kama mna kanda za video zenye filamu au tamthilia za Kitanzania, zitoeni mzitazame. Hapa kwetu Kilimanjaro masika ndiyo inayoziua. Ukiona vumbi jeupe kwenye kingo za utepe, kupitia kile kidirisha cha kanda, hiyo ni kuvu. Usiitie kwenye deki, utaharibu kichwa cha deki na kanda nyingine zitakazofuata. Iweke kando mahali pakavu, mtafute fundi anayejua kusafisha. Zilizo nzima zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na spika. Kisha zihamishiwe kwenye kompyuta wakati deki zinazofanya kazi bado zipo. Fundi simu wetu ameanza kufanya hivyo kwa kanda zangu na za Mwalimu, na tumekubaliana kwamba kuanzia mwezi ujao kila mwenye zamu ataleta picha mbili, moja ikiwa lazima ya kwetu.