Kabla ya kusaini ubia wa asilimia 30

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba kampuni ya kigeni inawapa asilimia 30 ya hisa katika ubia wa huduma za malipo, huku teknolojia ikibaki mikononi mwake, na unauliza kama hali hiyo itadumaza ubunifu wenu. Binafsi, kifungu cha teknolojia kinanitia hofu kuliko hisa zenyewe.

Tazama M-Pesa. Safaricom iliizindua Kenya mwaka 2007, lakini haki zake zilikuwa za Vodafone ya Uingereza, iliyolipwa ada ya leseni, na seva zilikaa Ujerumani hadi mwaka 2015. Mwaka 2020 tu ndipo Safaricom na Vodacom, kupitia kampuni yao ya ubia, ziliponunua jina hilo pamoja na shughuli za kuunda bidhaa.

Mbia mdogo anapojua kwamba kila wazo lake litasajiliwa kwa jina la mwenzake, wahandisi wake huacha kulitoa, au huondoka nalo wakafungue kampuni yao. Naye mbia mkubwa, anayeamua yote akiwa mbali, hukosa maarifa ya wateja wa hapa, ambayo ndiyo yaliyomfanya awatafute. Mwambieni hivyo mezani, kwa kuwa hasara hiyo ni yake pia.

Daini umiliki wa pamoja wa kila kitakachobuniwa ndani ya ubia, na kauli katika bajeti ya utafiti. Wakikataa umiliki huo, msisaini hata wakiwaongezea hisa zifike asilimia 49.