4294967297 ni namba tasa? Jibu kwa aliyegawanya mpaka 97 ikagoma

Mkuu, umesema umeigawanya 4294967297 kwa namba tasa zote mpaka 97 na kila mara inaacha baki, sasa unauliza kama ni tasa. Si tasa. Ni 641 × 6700417. Lakini jibu hilo halitakufaa siku ukikutana na namba nyingine ya aina hii, kwa hiyo ngoja nikueleze njia ninayoifundisha kwa vijana wangu wa hisabati masomo ya jioni.

Kwa mtindo wako ungefika, maana 641 si mbali na 97. Tatizo ni kwamba hukuwa na namna ya kujua. Kipeuo cha pili cha namba hii ni 65536 na chembe, na chini ya hapo kuna namba tasa 6542. Ingekuwa tasa kweli, ungelazimika kuzijaribu zote ndipo useme. Mimi kabla ya kugawanya chochote huangalia kwanza namba imejengwaje. Toa 1, unabaki na 4294967296. Gawa kwa 2, gawa tena, endelea: inakubali mara 32 hadi inafika 1. Kwa hiyo namba yako ni 2^32 + 1, na hilo tu linatosha kufuta karibu kazi yote.

Namba za ukoo huu ni 2 iliyopandishwa kwa 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kisha unaongeza 1. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65537, zote tasa. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini zinazofuata nazo ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, akaonyesha kwamba ya sita, ndiyo hii yako, inavunjika.

Sasa fuatilia. Chukua namba tasa yoyote p inayoigawanya 2^32 + 1 bila baki. Maana yake 2^32 ukiigawa kwa p inabaki p − 1, au tuseme −1. Zidisha kwa yenyewe: 2^64 inabaki 1. Mabaki ya vipeo vya 2 yanazunguka, na hapa mzunguko una hatua 64 kamili. Hauwezi kuwa mfupi zaidi, kwa sababu kwenye hatua ya 32 tulikuwa na −1, si 1. Fermat huyohuyo ndiye aliyetuachia kanuni kwamba 2^(p − 1) ikigawiwa kwa p inabaki 1, p ikiwa tasa isiyo 2. Baki 1 hurudi tu kila mzunguko wa hatua 64 unapokamilika, basi p − 1 lazima igawanyike kwa 64.

Hizo 3, 7, 11, 13 ulizohangaika nazo hazikuwa na nafasi hata moja. Zenye nafasi ni zinazopatikana kwa kuzidisha 64 na kuongeza 1, nazo ukichuja tasa tupu zinaanza hivi: 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano tu, umeshafika!

Kuthibitisha 641 huhitaji kugawanya namba ndefu. Anza na 2^8 = 256. Zidisha kwa yenyewe, 65536. Toa 641 × 102, yaani 65382, inabaki 154. Kwa hiyo 2^16 inabaki 154. Zidisha 154 kwa yenyewe, 23716. Hapa huwa namwita kijana mmoja ubaoni amalizie mwenyewe, kwa sababu 641 × 37 ni 23717. Imepungua moja tu! Basi 2^32 inabaki −1, na ukiongeza 1 baki linakuwa sifuri. Kwangu hii ni moja ya hesabu tamu kuliko zote zinazoweza kufanyika kwa chaki.

Na 6700417 je? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, na kigawo chake chochote cha tasa lazima nacho kitoke kwenye orodha ileile ya 64. Namba za kujaribu hazizidi 40, nyingi zinaanguka papo hapo kwa 3, 5 au 7. Zilizobaki zote zinagoma. Ni tasa.

Mchangiaji aliyenitangulia kashauri utumie jaribio la Fermat kwa 2: pandisha 2 kwa N − 1 (N ni namba unayoipima), gawa kwa N, baki likiwa 1 useme ni tasa. Kwa heshima zote, kwa ukoo huu usilitumie. 2^64 inabaki 1 hata ukiigawa kwa 4294967297 yenyewe, na N − 1 hapa inagawanyika kwa 64, kwa hiyo namba hii itafaulu jaribio ilhali si tasa. Tumia 3 badala ya 2, itanaswa.

Halafu usiipite jirani yake, 4294967295. Hiyo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, tasa zote tano za Fermat tunazozijua zimezidishwa pamoja. Kutokana na kazi aliyoianza Gauss, mwanahisabati Mjerumani, mwaka 1796, hiyo ndiyo idadi kubwa kabisa ya pande, kati ya namba witiri zinazojulikana, ambayo pembenyingi sawa inaweza kuchorwa kwa bikari na rula tupu.

Ukitaka zoezi, chukua 2^64 + 1. Fortuné Landry aliivunja mwaka 1880, na kigawo chake kidogo ni 274177. Usiikokotoe 2^64 yote, kikokotoo cha kawaida kitakukatia tarakimu za mwisho. Anza na 65536, zidisha kwa yenyewe, toa baki, rudia. Mwisho unatakiwa upate 274176. Ukikwama weka hatua zako hapa, nitazipitia.