Umepewa notisi Kampala? Waulize wapangaji kabla ya dalali

Notisi ya kuhama ikikukuta na watoto, angalia kwanza tarehe. Kwa anayelipa kodi kila mwezi, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inatoa siku 30, kama mkataba wenu hausemi vingine. Na mwenye nyumba haruhusiwi kukutoa bila amri ya mahakama, hata akija na vijana wa kubeba vitu.

Sisi tulipewa notisi tukikaa Kawempe, muhula wa tatu, kijana wetu yuko P7, darasa la saba, na mtihani wa PLE wa kumaliza shule ya msingi umekaribia. Mwenye nyumba alitaka kumweka mwanawe pale. Nilimwendea mimi na mke wangu jioni, tukamweleza habari ya mtihani kwa heshima, akatuongezea muda. Wengi wakipata notisi wananuna na kukata mazungumzo. Msifanye hivyo. Kuomba ni haki yenu, na mwenye nyumba naye ni mzazi.

Mtaa tuliuchagua kwa miguu ya mtoto: awe anatembea hadi shuleni. Matugga, nje ya jiji, kodi ni nafuu, lakini nauli ya asubuhi na jioni ingeimeza nafuu yote, na mtoto angefika darasani amechoka.

Sasa habari ya madalali. Wengi wanataka pesa ya kuonyesha kabla hujaona hata mlango, na nyumba ikipatikana wanataka tena kodi ya mwezi mmoja. Mimi naamini nyumba anaijua anayekaa ndani yake. Nilipita kwa muuza duka, kwa kijana wa rolex, yaani chapati ya mayai, kwa fundi cherehani, nikiuliza nani anahama mwisho wa mwezi. Habari hizo huwafikia wao kwanza. Ukishaonyeshwa, mwenye nyumba akiondoka, baki kidogo umsalimie dada anayefua uani. Maji yanatoka siku zote? Kila mtu ana Yaka yake, mita ya umeme wa kulipia kabla, au mnachangia? Choo mnatumia watu wangapi? Na aliyekuwepo alihama kwa nini? Hilo la mwisho usiliache kamwe.

Upande wa Bwaise tulionyeshwa nyumba yenye sebule pana kwa kodi ya chini kuliko zote. Mke wangu ndiye aliyeona: rangi mpya ilianzia sakafuni ikaishia magotini, juu yake ile ya zamani imepauka. Mlangoni palikuwa na kizingiti cha saruji, kirefu mpaka mtoto mdogo asingeweza kukivuka. Mama jirani hakutuficha, akasema mvua ikinyesha kwelikweli wanapandisha magodoro juu ya meza. Tukamshukuru, tukaenda zetu. Kwa hiyo nyumba ya bondeni itazameni mvua ikiwa imetoka kunyesha, msiiamini siku ya jua.

Pesa ndiyo inayobana zaidi, maana wenye nyumba wengi wanadai miezi mitatu mbele. Jadilianeni. Sisi tulikubaliwa miwili, kwa sababu tulibeba risiti zote za kodi ya zamani na mwenye nyumba mpya aliona hatukudaiwa hata mwezi. Kodi ikiwa shilingi 500,000 au zaidi, sheria inataka mkataba wa maandishi. Ikiwa chini ya hapo, andikianeni vilevile. Mjue pia kwamba kodi haipaswi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

Kabla ya kupakia vitu, pita kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, wa pale unapopaacha akupe barua ya utambulisho, kwani wa mtaa mpya ataiuliza, hasa kama umetoka Kongo au Kenya na hakuna anayekufahamu pale. Na kwenye nyumba mpya omba kuona bili ya mwisho ya maji kabla hujalipa chochote. Deni la aliyehama likibaki kwenye mita, maji yatakatwa wewe ukiwa ndani, na watoto ndio watakaobeba madumu.