Injini ya Subaru Imenoki: Usiifunge Tena Kabla Hujajua Kilichoiua

Nimepokea ujumbe wa kijana anayeendesha Subaru Impreza kwenye mashindano ya magari, yenye injini ya EJ20 (ya lita 2, silinda nne zilizolala zikielekeana) ya turbo. Injini imenoki kwenye kona ndefu, yaani metali (vibati laini ambamo shingo za krenki huzunguka) zimekufa na inagonga, fundi amemwambia dawa ni metali mpya, ringi na gasketi, na yeye anauliza: kwa kuwa injini iko chini tayari, aweke na turbo kubwa? Namjibu hapa ili na wengine wasome, kwa sababu swali hili hurudi kila msimu, na ushauri unaotolewa gereji nyingi huua injini ya pili kabla msimu haujaisha.

Kwanza, usinunue chochote. Na usiiwashe tena "kuisikiliza". Kila mzunguko wa krenki iliyonoki unasaga chuma na kukisambaza kwenye njia za oili.

Mwaga oili kupitia kitambaa cheupe, kisha kata filta na uikunjue karatasi yake juani. Pitisha sumaku. Vinavyong'aa bila kushikwa na sumaku ni metali au pistoni. Vinavyoshikwa vimetoka kwenye krenki, konrodi au pampu ya oili. Toa plagi zote nne uziangalie kwa lenzi. Vitone vidogo vya aluminiamu kwenye kauri ya plagi, au kauri iliyopasuka, vinakuambia injini ilikuwa ikipiga ditonesheni (mafuta kulipuka ghafla yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio), na hapo tatizo lako ni mafuta, joto au programu ya kompyuta ya injini. Metali zilikufa baadaye tu.

Injini ikishafumuliwa, panga metali mezani kwa namba ya silinda, ya juu na ya chini yake. Hapa ndipo mafundi wengi wanatupa ushahidi kwenye ndoo ya taka. Metali ya upande wa konrodi ndiyo inayobeba kishindo cha mlipuko. Ikiwa imepondeka na ya upande wa kifuniko iko salama, mshukiwa ni ditonesheni. Ikiwa ya kifuniko ndiyo iliyoumia, fikiria mizunguko iliyopitiliza, kama vile kushusha gia kimakosa. Mikwaruzo yenye chembe zilizojikita ndani inaonyesha uchafu. Na zikiwa zote zimefutika, nyingine zikiwa na rangi ya bluu ya kuungua, oili ilikatika.

Kwa gari linalokimbia kwenye vumbi na mawe kama haya ya kwetu, oili kukatika kuna sababu ambayo wachezaji wa lami hawaijui sana: sampu (beseni la oili chini ya injini) iliyobonyea. Jiwe likiipiga sampu kutoka chini, bati linasogea hadi kuziba mdomo wa bomba la kufyonzea oili. Gari linatembea vizuri tu mjini, ila ukifika mizunguko 6,000 kwa dakika pampu inafyonza hewa. Pima hivi: bandika kipande cha plastisini kwenye mdomo wa bomba, funga sampu bila gasketi, fungua, kisha pima unene uliobaki. Ukipata chini ya milimita 6, nyoosha sampu au tafuta nyingine. Lichunguze na bomba lenyewe, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa. Bomba la asili la EJ linajulikana kwa kupasuka hapo kwa mtetemo, na ufa mwembamba kama unywele unatosha. Halafu geuza pampu ya oili uangalie skrubu za bamba la nyuma. Zikilegea, presha inavuja ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje. Zitoe, zisafishe, zirudishe kwa gundi ya kuzuia skrubu kulegea.

Sasa jambo ambalo wengi wanalikwepa kwa sababu linauma mfukoni. Chuma kilichosagika hakibaki kwenye injini peke yake. Kipoza oili hakisafishiki, weka kipya. Turbo ilikunywa oili hiyohiyo, kwa hiyo ifunguliwe na bomba lake la oili libadilishwe, pamoja na kichujio kidogo kilicho ndani ya boliti yake kama injini yako ni ya toleo lenye nacho. Kwenye bloku, toa vizibo vyote vya njia za oili, piga brashi ndefu na maji ya moto yenye sabuni, kisha hewa, kisha oili nyepesi. Kupuliza kwa kompresa bila kutoa vizibo ni kusogeza uchafu kutoka kona moja kwenda nyingine.

Kwa mchongaji, nenda na vipimo ukiwa umeviandika. Shingo ya konrodi kwenye krenki ya EJ20 ina milimita 52, na kwa mashindano nafasi ya oili ya milimita 0.045 hadi 0.055 inafaa kwa oili nzito ya daraja la 50. Ipime kwa maikromita na geji ya ndani, boliti za konrodi zikiwa zimekazwa kwa toki (nguvu ya kukazia) yake kamili. Konrodi ambayo metali yake ilizunguka, usiirudishe kwa kuiangalia kwa macho. Tundu lake limeshapoteza uduara. Krenki nayo, ikiwa uso wake umefanywa mgumu kwa nitridi, ikichongwa inapoteza ngozi yake ngumu. Mimi ningetafuta nyingine nzima kuliko kuchonga kisha kuomba Mungu. Uso wa hedi upimwe kwa rula ya chuma na fila (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Ukipinda zaidi ya milimita 0.05, usawazishwe, na gasketi iwe ya chuma ya tabaka nyingi.

Pistoni za chuma cha kufuliwa kwa nyundo (forged) kwenye silinda ya milimita 92 zinahitaji mwanya wa ringi ya juu wa karibu milimita 0.46 kwa injini ya turbo. Ukiuacha mdogo, ringi itapanuka kwa joto, ncha zitagongana, na pistoni itapasuka ukingoni. Pini za pistoni kwenye injini hii huingizwa kupitia matundu ya bloku, kwa hiyo hakikisha kila klipu imekaa ndani ya mfereji wake kabla ya kuziba. Belti ya taimingi, roli na tenshena viwe vipya vyote.

Kabla ya kuwasha, jaza pampu oili kwa mkono. Toa plagi, zima injekta, zungusha kwa stata hadi geji ionyeshe presha. Ikishawaka, usiiache ikinguruma bila mzigo kwa muda mrefu. Itembeze kwa mzigo wa kupanda na kushuka, mwaga oili baada ya nusu saa, na tena baada ya kilomita 500, ukikata filta kila mara.

Kuhusu maboresho, pesa ya kwanza iende kwenye sampu yenye vizuizi vya ndani, bomba imara la oili, kinga nene ya chini, na geji ya presha yenye taa kubwa nyekundu inayowaka chini ya bar 1.4. Taa ya kiwandani huwaka wakati metali zimeshakufa. Lenga bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, oili ikiwa ya moto. Kisha weka tanki la kukamata mvuke wa oili, kwa sababu injini ya silinda zilizolala kama hii huutema kwenye kona, na mvuke huo ukirudi kwenye hewa ya injini unashusha oktani (uwezo wa mafuta kustahimili ditonesheni).

Na oktani ndiyo inanirudisha kwenye turbo. Injini nyingi za STI (Subaru za kimichezo) kutoka Japani zilipangiwa petroli ya RON 100 (kipimo cha oktani), na ya pampu zetu haifiki hapo. Ongeza mwinuko. Nairobi hewa ina takriban bar 0.82, Mombasa 1.01. Ili ipatikane busti (presha inayoongezwa na turbo) ya bar 1 kwenye geji, turbo ya Nairobi inakandamiza hewa mara 2.2, ya Mombasa mara 2. Ndiyo maana ya Nairobi inatoa hewa ya moto zaidi. Lakini gari lilelile likishuka pwani na busti ileile, silinda zinapata hewa nyingi zaidi na mafuta yaliyopimwa Nairobi huenda yasitoshe. Pima presha ya mafuta: bar 3 bila busti, na ipande bar 1 kwa kila bar 1 ya busti. Ikishindwa kupanda, kagua kidhibiti cha presha na pampu. Uwiano wa hewa na mafuta chini ya busti uwe kati ya 11.0 na 11.5.

Kwa hiyo kijana wangu, turbo ya kiwandani na busti ya kiwandani, msimu huu wote. Filta ya mashindano ya kwanza ikikatwa na kukutwa safi, na presha ya oili isiposhuka kwenye kona ndefu, niletee rekodi za geji na programu yako tuone turbo ipi pampu yako ya mafuta inaimudu.