Mpiga mbizi wa Dodoma, panga kwanza safari ya kurudi

Wengi wanaoniuliza kuhusu safari za kulala kwenye boti, zile za wiki nzima ambapo mtu anakula, analala na kupiga mbizi katikati ya visiwa vya mbali, huanza na bei. Wengine wanataka kujua wapi kuna papa wengi. Mimi huwauliza watarudije nyumbani, kwa sababu anayeishi Dodoma ana jambo moja ambalo mtu wa Tanga au Mtwara hana: nyumbani kwake ni juu.

Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Unapokuwa chini ya maji, shinikizo linaisukuma naitrojeni ya hewa unayovuta iingie kwenye damu na misuli. Ukipanda taratibu inatoka kwa pumzi, lakini ukishapiga mbizi tatu au nne kila siku kwa siku kadhaa, nyingine inabaki mwilini na inahitaji saa nyingi kuisha. Ukienda mahali penye hewa nyepesi kabla haijaisha, inaweza kugeuka viputo kwenye viungo au kwenye uti wa mgongo, na hapo unazungumzia maumivu makali au kupooza. Miongozo ya DAN, mtandao wa usalama wa wapiga mbizi, inataka usipande ndege kabla ya angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 baada ya mbizi za siku nyingi mfululizo. Mimi hukaa saa 24 kamili na sijadiliani na mtu.

La ndege watu wanalijua. La treni hawalifikirii kabisa. Tangu SGR, treni ya reli ya kisasa, ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kupiga mbizi Unguja asubuhi, kuvuka na boti ya mchana, na jioni akawa ndani ya behewa linalompandisha kutoka pwani hadi huku kwetu kwa muda usiofika hata nusu siku. Kiyoyozi kipo, lakini behewa halidhibiti shinikizo la hewa. Ukishuka stesheni ya Dodoma, shinikizo la hewa limepungua kwa asilimia 12 hivi ukilinganisha na pwani. Kwenye ndege kubwa linapungua zaidi, ni kweli, lakini wapiga mbizi huanza kuhesabu mwinuko kuanzia mita 300, na sisi tumepita hapo mbali sana. Basi nalo ni vilevile, maana kutoka Morogoro barabara inazidi kupanda kuelekea Gairo. Kwa hiyo ukitoka Mafia, Pemba au Unguja, lala Dar es Salaam. Gharama ya chumba cha usiku mmoja iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, kama unavyoweka nauli.

Ukishapanga hilo, angalia upepo. Babu zetu wa pwani walisafiri kwa kaskazi na kusi, na boti za leo zenye injini kubwa bado zinazifuata pepo hizohizo. Maldives, maji huwa maangavu zaidi miezi ya kaskazi, Januari hadi Aprili. Miezi yetu ya kusi, katikati ya mwaka, mvua huongezeka kule, maji yanajaa vijidudu vidogo vinavyoelea, na samaki wakubwa aina ya taa wanakusanyika kuvila, hasa ghuba ya Hanifaru kwenye kisiwa-pete cha Baa. Pale mitungi ya hewa hairuhusiwi, unaelea juu tu na miwani na mapezi, na bado ni kitu cha kumshukuru Mungu. Raja Ampat ya Indonesia huendewa zaidi Oktoba hadi Aprili.

Aldabra ndiyo inayonishika moyo. Ni ya Shelisheli, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1982, ina kobe wakubwa zaidi ya 100,000, na ukiangalia ramani utaona iko karibu zaidi na Mtwara kuliko ilivyo karibu na Mahé, kisiwa kikuu cha nchi yake. Maji ya wangwa wake huingia na kutoka kupitia milango michache, na bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kwa nguvu, ikiwa kali mkondo wa hapo si wa mchezo. Boti chache zinazofika huko hutafuta tangambili, yaani Machi na Aprili au Novemba na Desemba, bahari inapotulia. Sasa wewe uliye serikalini Dodoma, unajua mwenyewe Aprili maana yake nini. Bunge la Bajeti linaanza na likizo hakuna mpaka mwisho wa Juni. Kwetu Aldabra ni ya Novemba, na barua ya likizo iandikwe mapema, kwa sababu nafasi kwenye boti za njia hiyo ni chache mno.

Kuhusu kuchagua boti, picha za chumba na chakula zisikupotezee muda. Septemba 2, 2019, boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception iliungua usiku ikiwa imetia nanga karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California. Watu 34 waliokuwa wamelala sitaha ya chini walikufa. Uchunguzi ulionyesha hakukuwa na baharia anayezunguka usiku kukagua chombo, na njia zote mbili za kutoka chini zilifikia kwenye ukumbi uleule uliokuwa unawaka moto. Tangu nilipoisoma habari ile, kabla sijalipa hata senti naandika barua pepe yenye maswali. Nani anakesha usiku, na anazunguka kila baada ya muda gani? Kutoka kitandani kwangu kuna njia mbili zinazotokea sehemu mbili tofauti? Betri za kamera na taa zinachajiwa wapi, na je, kuna mtu anayekuwa macho zinapochajiwa? Oksijeni ya dharura ipo ya kutosha saa ngapi? Chumba cha tiba ya shinikizo, kile kinachotibu viputo vya naitrojeni, kilicho karibu kiko wapi, na mgonjwa anafikishwaje? Boti nzuri hujibu yote bila kuudhika. Wakikujibu kwa kukutumia picha za vyumba, tafuta wengine. Na siku ya kupanda, nenda uitembee njia ya dharura kwa miguu yako, taa zikiwa zimezimwa.

Usiifanye safari ya namna hii kuwa ya kwanza baada ya kupata cheti. Boti nyingi za njia za mbali zinataka cheti cha ngazi ya pili, kile kinachokufikisha mita 30, na nyingine zinadai kitabu cha kumbukumbu chenye mbizi 50 au zaidi. Nenda Mafia kwanza. Hifadhi ya bahari pale ilianzishwa 1995, na mlango wa Kinasi, njia ya maji kati ya miamba, utakufundisha mkondo ni nini ukiwa na mwongozaji anayeujua tangu utotoni. Ukienda kati ya Oktoba na Machi unaweza kumwona papa potwe karibu na Kilindoni. Kisha Pemba, kwenye kisiwa cha Misali na kuta zake za matumbawe, ambako chini yako ni buluu tupu na lazima ujue kusimama kwenye kina ulichopanga bila kushika kitu. Jifunze kurusha boya la kuashiria ukiwa bado chini ya maji, maana kwenye visiwa vya mbali hilo boya ndilo litakalomwonyesha nahodha ulipo. Kwa mazoezi ya pumzi na miguu bwawa la hoteli hapa mjini linatosha. Mtera hapana, kuna mamba na viboko.

Jambo jingine la kwetu ni vumbi. Kuanzia Julai upepo wa Dodoma unaziba pua za watu wazima na watoto, na mtu mwenye mafua hawezi kusawazisha shinikizo la masikio anaposhuka majini. Wiki mbili kabla ya safari nasafisha pua kwa maji ya chumvi kila jioni, na kikohozi kikinishika naenda kwa daktari mapema. Kulazimisha sikio lililoziba kunaweza kupasua ngoma ya sikio.

Bima ya kawaida ya afya usiitegemee. Chukua ya wapiga mbizi, inayotaja wazi kusafirishwa kwa dharura na tiba ya chumba cha shinikizo, na uisome kuona kikomo cha kina. Kwenye bei ya boti uliza kama mafuta, ada za hifadhi, naitroksi (hewa ya mtungi iliyoongezwa oksijeni) na bakshishi zimo, kwa kuwa mara nyingi hazimo. Kadi ya manjano ya chanjo ibebe pamoja na pasipoti. Kompyuta ya mbizi, ile ya mkononi inayohesabu kina na muda wako chini ya maji, nunua ya kwako uijue vizuri, vifaa vingine unaweza kukodi. Na kwa kichefuchefu cha mawimbi, dawa inywe kabla chombo hakijang'oa nanga. Mimi naongeza tangawizi kavu na pakiti chache za ubuyu wa hapa Dodoma, ambao mabaharia wakishauonja huuomba tena.