Jibu: Analipwa kwa kurusha mpira nyuma tu?

Mkuu, umeuliza kama ni kweli NFL (ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani) kuna mtu analipwa kwa kurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Ni kweli, anaitwa longi snapa, na kwa maoni yangu anastahili kila senti.

Timu ikitaka kupiga teke la kuupeleka mpira mbali kwa wapinzani, mpira wake unatakiwa usafiri yadi 15 hivi na umfikie mpiga teke ndani ya takriban sekunde 0.8. Kwenye teke la pointi 3, lile la kupitisha mpira golini, umbali ni yadi 7 au 8, na hapo mabingwa huhesabu hadi mizunguko ya mpira, ili mwenzake anayeushika mpira chini upigwe teke aupokee nyuzi za mshono wake zikiwa zimeelekea mbele tayari. Akishauachia tu, kichwa bado kikiwa chini, anavaana na jitu linalokuja kuzuia teke.

Longi snapa Trey Junkin alicheza misimu 19, akastaafu. New York Giants wakamwita kwa mechi ya mtoano ya Januari 2003 dhidi ya San Francisco 49ers. Sekunde za mwisho, Giants wakiwa nyuma 39-38, mpira wake ukaenda vibaya na teke la pointi 3 la kuwapa ushindi halikupigwa kabisa. Watu wanakumbuka mpira huo mmoja! Inaniuma mpaka leo.

Upande wa pili yupo longi snapa Patrick Mannelly: Chicago Bears walimchukua raundi ya 6 ya kuchagua wachezaji wapya mwaka 1998, akadumu misimu 16 na mechi 245, rekodi ya klabu. Kuingia ndiyo shughuli: timu ziko 32, na kwa kawaida kila moja inabeba mmoja tu.