Kabla hujaisingizia jeni, kagua kisu

Kazi yangu ya kwanza ya misuli ilikuwa kulinganisha koo mbili za panya wadogo wa maabara, nijue nyuzi za ukoo upi ni nene zaidi. Nikagandisha, nikakata, nikapaka rangi, nikapima. Ukoo wa pili ukawashinda wenzake kwa mbali. Nilitembea kifua mbele siku tatu. Siku ya nne mwenzangu mzoefu aliinama kwenye hadubini, akaniuliza, "Hivi huu msuli uliusimamisha wima kweli?" Sikuwa nimeusimamisha. Uzi wa msuli ukikatwa mshazari hutoka na umbo la yai, na eneo lake huongezeka bila uzi wenyewe kunenepa. Jeni yangu ilikuwa pembe ya kisu.

Kwa hiyo wewe unayeanza, usipime eneo peke yake. Pima pia kipenyo cha mahali uzi ulipo mwembamba kabisa, maana hicho hakidanganywi sana na mshazari. Na usitumbukize msuli moja kwa moja kwenye nitrojeni ya majimaji: gesi huuzunguka kama blanketi, unaganda polepole, na fuwele za barafu hutoboa nyuzi matundu. Tumia isopenteni, kimiminika kisichochemka upesi hivyo, iliyopozwa kwa nitrojeni hiyo.

Msuli wa kuanzia ni soleasi, ule mdogo ulio nyuma ya mguu. Una uzito wa takriban miligramu 10 tu, na kipande kimoja kilichokatwa katikati yake hubeba karibu nyuzi zote, jambo ambalo misuli mingi haikupi. Pia una mchanganyiko mzuri wa aina za nyuzi (aina ya I hujikunja polepole, zile za II, yaani IIA, IIX na IIB, hujikunja haraka): katika C57BL/6, ukoo wa panya unaotumika sana maabara, nyingi ni aina ya IIA na aina ya I. Msuli mrefu wa kunyoosha vidole, ulio mbele ya mguu, umejaa IIB na IIX. Aina ya I utaitafuta kwa tochi. Kumbuka pia kwamba IIB, ambayo panya wanayo tele, haipatikani kwenye misuli ya mikono na miguu ya binadamu, ingawa jeni yake tunayo. Usikimbilie kuandika kwamba matokeo yako yanawahusu wanariadha.

Kwenye rangi kuna mtego uliowanasa wengi. Aina za nyuzi hutambuliwa kwa kingamwili, protini zinazonasa aina moja na kuipa rangi; zinazotumika sana ni BA-F8 kwa aina ya I, SC-71 kwa IIA na BF-F3 kwa IIB. Uzi uliobaki mweusi huitwa IIX. Sasa fikiria BF-F3 yako imechoka: nyuzi za IIB nazo zinabaki nyeusi, nawe unatangaza kwamba ukoo huu umejaliwa IIX nyingi! Changanya koo zote kwenye slaidi moja, ili rangi ikikosea iwakosee wote sawasawa. Kuna pia nyuzi zinazobeba kwa pamoja aina mbili za myosini, protini ya kukunja msuli ambayo ndiyo inayoupa uzi aina yake. Hizo zipe safu yake, usizilazimishe kuchagua upande.

Halafu hesabu. Panya 8 wenye nyuzi 500 kila mmoja hawakupi sampuli 4,000, wanakupa 8. Nyuzi za panya mmoja zinashiriki jeni zilezile, chakula kilekile na siku ileile ya kupakwa rangi. Dume na jike usiwachanganye ovyo, wala umri. Hata herufi ya mwisho ya jina la ukoo ina uzito: C57BL/6J ana hitilafu kwenye jeni ya Nnt, inayofanya kazi ndani ya mitokondria, ilhali C57BL/6N hana. Nimeona watu wakiwachukulia kama mapacha.

Lakini lililonichelewesha kuliko yote ni kudhani kwamba "msuli mkubwa" ni sifa moja. Kwa panya, idadi ya nyuzi huwa imekamilika karibu na wakati wa kuzaliwa. Baada ya hapo msuli hukua kwa kunenepesha nyuzi zilizopo. Jeni inayogusa idadi si lazima iguse unene. Jeni ya maiostatini, protini inayozuia msuli usikue kupita kiasi, iligusa vyote viwili: ilipozimwa mwaka 1997, misuli ilikuwa mizito mara mbili hadi tatu.

Wakati mwingine jeni hujitokeza ambako hakuna aliyekuwa akiitafuta. Mwanabiolojia Theodore Garland alianza mwaka 1993 kuchagua, kizazi baada ya kizazi, panya wanaopenda kukimbia kwenye gurudumu. Baadhi yao wakatokea na misuli ya miguu ya nyuma yenye nusu tu ya uzito wa kawaida, sifa iliyojitokeza pale panya anaporithi nakala zote mbili. Mwaka 2013 chanzo kilipatikana: herufi moja ya DNA iliyobadilika ndani ya intoni (kipande cha jeni kinachoondolewa kabla protini haijatengenezwa) ya Myh4, jeni ya myosini ya IIB. Nyuzi za IIB zilikuwa zimepungua mno. Aliyepima uzito wa msuli pekee angesema ni udhaifu tu, kumbe hao ni wakimbiaji.

Misuli yangu ile ya mwanzo niliikata upya, safari hii wima, na lebo nimefichiwa. Unene ukawa sawa. Tofauti ilikuwa kwenye idadi, na nyuzi zote zilikuwa pale pale kwenye slaidi za kwanza, sikuwa nimezihesabu.